Kadi ya Kuazima na Jina la Mama Yako

Kitengela,
Jumatano, jua bado liko juu.

Mwanangu Mwende,

Salamu sitaweka, maana uko hapa hapa Noonkopir unasukwa nywele, na nikitoka mlangoni nikapiga mbinja utaitika. Lakini kuongea na wewe nimejaribu tangu Jumapili na kumenishinda. Unanijua. Mimi nikifungua mdomo, simba anaingia. Naanza kusimulia vile nilienda dukani kununua chumvi, na kabla sijafika kwa kona nimeshapigana na mtu mrefu kuliko mlingoti wa stima. Kalamu iko tofauti. Niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo kila neno nalivuta kama ndoo kutoka kisimani, na ndoo ikifika juu nimechoka hata kudanganya.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kuchunga simu, mama yako atakuambia mpaka ushike masikio. Hayo namwachia. Langu mimi ni moja, na linaniogopesha.

Jumapili tukila pale kwa meza, ulitueleza kazi yako mpya. Ati utakaa kwa dirisha la kuandikisha wagonjwa, pale kituo cha afya upande wa Namanga, na tena kamati ya kituo imekuomba uwe ukiandika maneno ya mikutano yao, kwa sababu wanataka kupendekeza kwa wilaya ni nani asilipe na ni nani alipe. Nilijivuna, mwanangu. Niliwahi kumwambia muuza nyama kwamba wewe ndiye utapanga bei za hospitali Kenya nzima. Akanipa mfupa wa bure.

Halafu ukasema, "Mjomba, pale kwangu hakuna mtu atapita na kadi ya mwenyewe. Nitawajua kwa macho tu. Nitauliza, mumeo anaitwa nani? Akimeza mate kidogo, nimemshika!"

Mke wangu, Aunti yako Beatrice, alicheka mpaka chai ikampalia. "Wewe ndiwe wa kusema, Mwende? Wewe ambaye nilikuzaa bila kujua? Nilikuwa hapa nachambua maharagwe, nikaletewa habari ati nimejifungua msichana!"

Sote tukacheka. Wewe mwenyewe ukacheka na ukaongeza chumvi, mtoto wa mama wawili, vile tumekuita tangu uanze kutambaa. Lakini mama yako aliinuka akasema anaenda kuangalia kuku. Mwende, kuku walikuwa wamefungiwa. Hakukuwa na kitu cha kuangaliwa kwa kuku.

Nilimfuata. Na kile aliniambia huko nyuma ndicho kimenifanya nishike kalamu. Lakini lazima nikianzie mbali, kwa sababu hiyo hadithi ya kuzaliwa kwako umeisikia kwangu kila Krismasi, na kila Krismasi lori linaongezeka magurudumu. Unajua vile niliendesha kutoka Athi River bila breki, vile nilivunja geti la hospitali, vile nilimbeba mama yako kwa mkono mmoja na kwa ule mwingine nikamshika daktari kola. Ondoa hayo. Wacha nikupe iliyobaki.

Nilipokuwa mtoto kule Machakos, mtu alienda hospitali ya serikali na kikohozi chake tu, basi. Mlangoni hakuulizwa kitu. Sasa, karibu na wakati wa kuzaliwa kwako, zile siku watu walikuwa wakipigania vyama vingi, ndipo tulianza kusikia hili neno la kuchangia gharama. Ukienda, changia faili. Changia kitanda. Glavu za nesi, nunua wewe. Mimi nilimjua mtu aliyepona kabisa akakaa wodini akingoja watu wake wafanye harambee ya kulipa deni, mpaka akaugua tena ugonjwa mwingine hapo hapo. Hii si ile ya simba. Hii niliiona.

Sisi wa kiwanda cha saruji pale Athi River tulikuwa na bahati. Nilikuwa dereva wa lori, nimeandikwa kazi ya kudumu, na kila mwezi mshahara ulikatwa kidogo kwa ajili ya bima ya hospitali. Kwa hayo makato ulipewa kadi. Haikuwa na picha, ilikuwa na jina na mihuri. Ilifunika wewe, bibi yako na watoto wako. Ndugu haikumjua. Dada haikumjua. Kama sheria ingeandikwa na Mkamba ama Mkikuyu ama Mmaasai yeyote ambaye amewahi kula ugali kwa nyumba ya dada yake, ingemjua. Lakini iliandikwa na mtu wa kwake peke yake.

Kwa hivyo tuliirekebisha wenyewe. Kadi ikawa kama ngazi ya ploti ya wapangaji. Ni ya mmoja, lakini kila mtu ana siku yake ya kuipanda. Jamaa mmoja wa stoo, tutamwita Njoroge, kadi yake ilizaa mara tatu kati ya Pasaka na Krismasi, na mara moja ilikuwa mapacha. Karani wa hospitali akamwuliza, "Mzee, huyu bibi yako ni mtu ama ni sungura?" Njoroge akavua kofia. "Ni baraka, karani. Ni baraka tu."

Tulicheka hiyo mwaka mzima. Hakuna aliyeita wizi. Tulisema, si tunakatwa kila mwezi na hatujaugua? Lakini makato yalikuwa yakipanda, na wale hawakuwa na kadi bei yao ikapanda zaidi. Mimi dereva ndiyo sasa naelewa. Lori la tani saba ukilipakia mawe ya tani kumi na mbili, halikatai. Linaguruma, linaenda, na wewe unajiita mjanja. Siku ya ekseli kukatika, hukatikia mtu ambaye hakupakia hata jiwe moja.

Sasa mama yako, dada yangu Ndinda. Baba yako alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi, na nafikiri bado anaitafuta. Ndinda alikuwa akiuza mboga, hana kazi ya kuandikwa, hana kadi. Asubuhi ile uchungu ulianza vibaya. Mkunga wa ploti alimshika tumbo, akasema, "Kioko, huyu peleka. Huyu mtoto amelala kama mlango." Sikusubiri kuambiwa mara ya pili. Lori la kampuni lilikuwa nje, limejaa saruji. Aunti Beatrice akanipa kitambulisho chake na leso yake nzuri, akamfunga Ndinda nayo, akamwambia, "Leo wewe ni mimi. Usiogope. Hata mimi nimechoka kuwa mimi." Unajua vile yeye huongea.

Njiani nikaanza kumfundisha. Sikujua naanzisha nini.

"Unaitwa nani?"

"Ndinda."

"Ai! Unaitwa nani?"

"Beatrice. Beatrice Kioko."

"Vizuri. Umri?"

Akasema. Alikuwa anashika dashibodi, jasho linamtoka, lakini alijua. Dada yangu alikuwa wa kwanza darasani mpaka walipomtoa.

"Mumeo?"

Akatazama barabara.

"Ndinda, watakuuliza. Mumeo ni nani?"

"Sema wewe."

"Si mimi nitaulizwa. Sema, Kioko."

"Kioko ni ndugu yangu," akasema. "Jina la Beatrice nitalibeba. Hilo lingine siwezi, Kioko. Tumenyonya titi moja. Siwezi kulisema na mdomo huu halafu nikale nao."

Nilimkaripia, Mwende. Nilimwambia ni maneno tu, maneno hayauzi mtu. Mimi nilifikiri hivyo kwa sababu kwangu maneno yamekuwa rahisi siku zote, natupa kama maganda ya njugu. Sikujua kwamba dada yangu anayala.

Hospitali yenyewe sitaandika jina. Ilikuwa kubwa na imejaa. Pale dirishani nilitoa kadi, nikasema kwa kifua, "Mke wangu anazaa," na mama mmoja mwenye biro akaangalia kadi, akaniangalia, akamwangalia Ndinda. Biro ikasimama. Wewe umenisikia nikisimulia yule simba aliyetoka mbugani akaja nyuma ya choo chetu, na vile nilimwimbia wimbo wa kanisani mpaka akaona haya akaondoka. Sawa, pengine alikuwa fisi, na pengine nilikuwa ndani ya choo nimeshika mlango. Lakini hata huyo sikumwogopa vile niliogopa ile biro. Halafu biro ikaandika. Beatrice. Mke wa Kioko. Akatupatia karatasi ya vitu vya kununua nje, glavu, pamba, wembe, uzi, akasema tungoje kwa benchi, jina litaitwa.

Nilimweka Ndinda kwa benchi, kando ya koko mmoja, mama mzee wa Kimaasai, aliyekuwa amekuja na mjukuu wa kikohozi. Nikatoka mbio kutafuta glavu. Duka la dawa la kwanza halikuwa nazo. La pili lilikuwa na foleni. Na nitakuambia kitu ambacho hakiko kwa ile hadithi ya Krismasi. Pale kwa foleni nilikuwa nawaeleza watu vile nimeipiga hospitali chenga. Niliwachekesha. Kuna mwanamke aliniomba nimfundishe.

Nilirudi nikakuta koko amemshika mama yako kichwa kwa mapaja, na damu imefika chini ya benchi. Nesi alikuwa mlangoni na faili.

"Wewe ndiye mume wa Beatrice? Nimemwita na kumwita. Haitiki. Nimesema basi, ameenda nyumbani, nikaita wengine."

"Si huyu hapa!"

"Huyu?" Akaangalia. "Huyu si koko anamwita Ndinda?"

Koko akanigeukia. Sitasahau. Alikuwa na shanga za blu na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. "Wewe mwanaume. Hii yeiyo, hii mama, ni Ndinda. Mimi nimemuuliza polepole, akaniambia. Nikiita Ndinda, anafungua macho. Hawa wanaita mtu mwingine. Kwa nini mnaita mtu mwingine na huyu anakufa?"

Na mimi, mwanangu, mdomo wangu haukukwama hata kidogo. Nikasema, "Ndinda ni jina la nyumbani, sista. Jina la kupenda."

Wakamwinua. Ulizaliwa pale pale kwa ukumbi, kabla ya kufika chumba cha kuzalia, na glavu zangu bado zimefungwa kwa karatasi ya duka. Ulilia kama honi. Mama yako hakulia. Alipoteza damu nyingi, akakaa huko siku nyingi, na kila asubuhi madaktari walipopita walimwita Beatrice na yeye aligeuza uso ukutani. Tulifikiri ni udhaifu. Kadi ililipa kitanda. Nikatoka nikasema, mmeona? Tumeshinda. Karatasi yako ya kuzaliwa ikaandikwa mama Beatrice, baba Kioko, na tukaifanya mchezo, kwa sababu kitu ukikicheka kinaacha kukutazama.

Hiyo ndiyo iliyobaki bila lori. Sasa urudi nami nyuma kwa kuku, Jumapili.

Nilimkuta ameshika waya wa banda. Nikamwambia, "Ndinda, mtoto anatania tu."

"Nilisikia, Kioko."

"Ndiyo, lakini ni utani."

"Siyo Mwende. Hospitali. Nilisikia walivyoniita. Kila mara walipoita, nilisikia."

Nikasema alikuwa amezirai, alikuwa hajijui. Akatingisha kichwa.

"Nilijijua. Nilisema nikiitika hilo jina, mimi ni bibi ya ndugu yangu, na huyu mtoto anatoka tumboni akiwa mtoto wa ndugu yangu. Nikasema afadhali nife nikiwa Ndinda. Ni yule koko aliniharibia."

Alisema hivyo na akacheka kidogo, Mwende, kacheko kadogo. Mimi nilikaa chini kwa mchanga na suruali ya kanisani. Miaka yote hii nimewauzia watu hiyo hadithi, na yeye amekaa hapo akipakua chakula.

Sasa jambo linaloniogopesha. Unaona miguu ya mama yako ikivimba, na anakuambia ni kusimama sokoni. Si sokoni. Mwezi uliopita kanisa lilileta kijana wa kupima watu presha chini ya ile hema. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa foleni. Yule kijana alimpima mkono huu, akampima ule, akarudia, akaacha utani wake wote. Akamwambia, "Mama, usirudi nyumbani. Enda hospitali saa hii." Mama yako akamshukuru, akafunga karatasi kwa leso, akaja nyumbani akasonga ugali. Tangu hapo ananunua dawa za kichwa kwa kibanda, mbili mbili. Asubuhi nyingine naona anashika ukuta kabla ya kutembea. Aliniapisha nisikuambie kabla hujaanza kazi. Mimi nimeapa vitu vingi maishani, na hiki nakivunja.

Nilimwambia, Ndinda, twende hospitali ya hapa kwetu. Siku hizi si kama zile. Si serikali ilisema dispensari ni shilingi kumi na kituo cha afya ni ishirini? Na unajua mimi najisifu kwamba ndiye nilimshauri waziri jambo hilo pale petroli stesheni ya barabara ya Namanga. Haya, ilikuwa dereva wake, na alikuwa anataka jeki. Lakini nilimwambia! Na ile amri ilipotoka nilifurahi kama mtu aliyeiandika. Ni kitu kizuri. Nimeona watoto wamepelekwa mapema kwa sababu yake, watoto ambao zamani wangengojwa mpaka macho yageuke. Lakini haijamaliza. Unalipa ishirini mlangoni, na ndani dawa hakuna, unaelekezwa duka la nje, na huko hakuna ishirini. Na ukilazwa hospitali kubwa bado ni ile ile, mwenye kadi na asiye na kadi. Ile bima ya watu wote tuliisikia kwa redio, ikapigiwa makofi, ikanyamaza. Kwa hivyo kadi bado zinaazimwa, mwanangu. Hata kwa ploti hii. Naweza kukuonyesha mlango.

Ndinda akanijibu nini? "Shida si ishirini. Nikifika wataniuliza, mara ya mwisho ulilazwa wapi? Ulizaa wapi? Kwa jina gani? Nikisema uongo, nimerudi kuwa bibi yako. Nikisema kweli, wewe watakushika, na Mwende karatasi yake ni ya uongo. Atafukuzwa kazi kabla hajakalia kiti. Wacha aende kwanza. Mimi nitangoja."

Atangoja. Mwende, ng'ombe wanakufa hapa barabarani kwa ukame, unawaona ukienda sokoni. Umeona vile ng'ombe hufanya? Anasimama. Anasimama vizuri kabisa siku nyingi, mwenyewe anasema huyu ana nguvu, huyu atafika mvua. Halafu anapiga magoti na hainuki. Mimi nikimwona dada yangu ameshika ukuta, moyo wangu unapiga kama injini iliyoishiwa oili. Naamka nasikiliza kama anatembea upande ule mwingine. Nikisikia kikombe kimegongwa, nalala tena. Mimi, niliyemwimbia simba.

Na wewe pia nakuogopea. Nakuona kwa hilo dirisha na biro yako. Siku moja atakuja mwanamke na leso ya mwenyewe na kadi ya mwenyewe, na kaka yake nyuma anaongea sana, na utauliza, mumeo anaitwa nani? Na atameza mate. Ukimfukuza, damu itafika chini ya benchi. Ukimwacha apite, wakubwa wako watakuita, na huyo mwanamke ataitwa jina ambalo haitiki. Utaniuliza, Mjomba, sasa nifanye nini? Sijui. Mimi mwenye jibu la kila kitu, mpaka la vile ndege hutua, hili sijui. Ninajua tu kwamba yule koko hakuwa na kadi, hakuwa na biro, hakwenda shule hata siku moja, na aliuliza polepole.

Kwa hiyo kamati, ukiandika maneno yao, watazungumza juu ya wezi wa kadi. Watu wa kamati hupenda kuzungumza juu ya wezi. Waandikie, lakini pengine uwaulize pia kwa nini mtu awe lazima aazime mtu mwingine ndipo augue. Waambie una mjomba mjinga kidogo wa Kitengela anayetaka sheria moja tu, ya mtu kuruhusiwa kuugua kwa jina lake mwenyewe. Bei yake waipange wao waliosoma. Tulijaribu kuipanga sisi wenyewe na kadi moja, na umeona ilitugharimu nini.

Sasa nisikilize, ndoo ya mwisho hii.

Jumatatu mimi nitaenda Kajiado, kwa ofisi ya wanaoandika vizazi. Nitasema mtoto huyu mama yake ni Ndinda, na mimi ni mjomba, na nilidanganya. Niliuliza mtu anayejua, akasema kuna kuapa, kuna kungoja, na pengine kuna faini, na pengine kuna maneno makali. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Inatoka vibaya. Kila nikianza, kuna lori linataka kuingia. Aunti Beatrice amesema atakuja nami anifinye lori likitokea. Naogopa, Mwende. Lakini mama yako asikuambie ati kazi yako imesimama juu ya kunyamaza kwake. Nenda na wewe umwambie mkubwa wako hapo kituoni mwenyewe, mapema, kabla hajasikia kwa mtu.

Na kesho. Nimeazima pikapu ya jamaa wa machimbo ya mawe, nitakupeleka mimi mpaka mlangoni kwako. Breki ziko, nimeangalia mara mbili. Mama yako amesema anakusindikiza hadi stendi ya Kitengela tu, halafu ashuke. Lakini leo asubuhi nimemwona ameweka viatu vyake vya kanisa kwa kiroba, na ile karatasi ya presha ameitoa kwa leso ameiweka ndani ya kiatu. Mtu haendi stendi na viatu vya kanisa. Usimwulize kitu. Ukimwuliza atashuka. Nitapita stendi kama niliyesahau, nitaanza kusimulia ile ya simba, na yeye atanyamaza vile hunyamaza, na tutapita Isinya, tutapita Kajiado, na hatashuka.

Tukifika, fungua dirisha lako. Kaa upande wako na biro. Yeye atakaa kwa benchi kama watu wengine, hatarushwa mbele ya mtu, atalipa ishirini yake kama watu wengine. Andika Ndinda. Pale pa mume, weka mstari. Mimi nitakuwa nje kwa pikapu na mdomo umefungwa.

Halafu mwite. Usipaze sauti sana. Mara moja itatosha, ataitika.

Mjomba wako,
Kioko